Hotuba ya Katibu wa Tawi: Namba ya Malipo, Risiti na Kahawa ya Mgonjwa



Haya ni maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa Tawi Jumapili iliyopita. Tumeyaandika kwa ajili ya waliokuwa msibani, waliokuwa safarini na waliozuiwa na mvua. Mwenyekiti ameagiza yatumwe kama yalivyosemwa, pamoja na majibu ya maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni. Ni marefu. Yasomeni kwa vituo, ila tunaomba asitokee mtu wa kukata kipande na kukirusha kwenye makundi mengine, maana mara ya mwisho tulipigiwa simu kutoka Kayanga tukaulizwa kuhusu jambo ambalo hatukulisema.

Jambo lilikuwa moja: malipo ya hospitali, vituo vya afya na zahanati kwa njia ya simu na benki. Tumelichagua kwa sababu ofisi ya Tawi ilipokea malalamiko mfululizo, mengine kutoka kwa wanachama wetu wa hapa Kyerwa, mengine kutoka kwa ndugu zao wa upande wa Karagwe, na yote yalikuwa na umbo lile lile. Mtu amelipa, hana risiti. Mtu ana fedha taslimu mkononi, anaambiwa haipokelewi. Mtu hana simu, anaambiwa akatafute mwenye simu. Na wapo waliokuja ofisini wakisema huu mfumo umeletwa kuwatesa maskini, wengine wakasema umeletwa kuwabana wezi. Tuliwasikiliza wote. Msimamo wa Tawi ni kwamba mfumo ni mzuri na tunautetea, lakini kwa sasa unamlinda mwenye hospitali kuliko unavyomlinda mgonjwa, na kilichobaki kurekebishwa kiko ndani ya uwezo wa watu wa hapa hapa wilayani.

Tuanze na kisa, kwa sababu ndicho kilichotuamsha.

Mwanachama wetu mmoja alimpeleka mdogo wake aliyeanguka na pikipiki, mguu umevunjika. Kituo hatukitaji na jina la mtu hatulitaji, shauri tumelifikisha linakohusika. Ilikuwa usiku. Akaandikiwa vipimo, picha na plasta, jumla shilingi 85,000. Akaomba namba ya malipo. Aliyekuwa dirishani akamwambia mtandao umekata, "tuma kwangu, asubuhi nitakuingizia." Akatuma, na makato juu yake. Asubuhi zamu ikabadilika. Aliyeingia akafungua kompyuta, akaona bili ya 85,000 haijalipwa hata senti. Mwenzetu akaonyesha ujumbe wa kwenye simu. Akajibiwa, na kwa haki kabisa, kwamba ujumbe ule unaonyesha amemtumia fedha mtu binafsi, hauonyeshi kwamba ameilipa hospitali.

Wote tunaujua ule utani wa mitandaoni, "ile hela tuma kwenye namba hii." Tunawacheka wanaotapeliwa nao. Mwenzetu hakutapeliwa na mtu asiyemjua aliye mbali. Aliombwa ana kwa ana, na mtu aliyevaa sare, mgonjwa wake akilia kitandani. Katika hali ile hata sisi tungetuma.

Ilibidi alipe mara ya pili. Hakuwa nazo. Kahawa ilikuwa bado mbichi mtini, na mnajua kinachofuata: akaenda butura. Aliuza magunia mawili ya maganda kwa mtu wa mjini kabla hayajaiva, kwa bei isiyofika nusu ya ile aliyokuja kuiona kwenye mnada miezi michache baadaye. Baada ya Tawi kuingilia, fedha aliyoituma usiku ule alirudishiwa wiki ya tatu. Kahawa hakurudishiwa na mtu.

Kwa hiyo tunapozungumza malipo ya hospitali hatuzungumzi teknolojia, tunazungumza kahawa ya watu.

Sasa turudi nyuma kidogo, hasa kwa vijana ambao hawakumbuki. Kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali kulianza 1993. Kabla ya hapo huduma ilikuwa bure, ingawa wazee watawaambia kwamba bure ile mara nyingi ilikuwa bure ya kwenda kununua dawa dukani. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa Igunga, halafu ukaenea. Miaka yote hiyo fedha ilipita mkononi: mgonjwa anatoa noti, mtu anaandika stakabadhi ya HW5, nakala inabaki kitabuni, fedha inakaa kwenye droo mpaka mtu apate nafasi ya kwenda benki.

Ofisi hii, kama mnavyojua, inakaliwa na mtu aliyesomea uhasibu ngazi ya diploma, kwa hiyo mtuvumilie hapa. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba anayekadiria deni, anayepokea fedha na anayeandika vitabu wasiwe mtu mmoja. Sasa nenda zahanati ya kijijini yenye wauguzi wawili, mmoja yuko likizo ya uzazi. Aliyebaki ndiye anayepima, ndiye anayetoa dawa, ndiye anayepokea fedha, ndiye anayeandika stakabadhi, na Ijumaa ndiye anayepanda pikipiki kwenda benki. Huyo hata awe malaika, vitabu vyake haviwezi kumtetea. Na asipokuwa malaika, ni rahisi mno: stakabadhi ya mgonjwa inaandikwa 10,000, nakala inaandikwa 4,000. Au haiandikwi kabisa.

Tukiri na ya kwetu. Mfuko wa Tawi wa msiba na ugonjwa tuliuendesha kwa daftari la kurasa 96. Mwaka juzi tulipofunga hesabu zilipungua shilingi 46,000. Hatukupata mwizi. Tulipata kurasa mbili zilizochanika na mhazini mwaminifu aliyekuwa analia. Tangu hapo michango inaingia kwenye akaunti, na mhazini wetu anasema analala usingizi. Hoja ya fedha kutoshikwa mkononi inamlinda mtunza fedha mwaminifu kabla ya kumkamata asiye mwaminifu, na hili halisemwi vya kutosha.

Kuanzia mwaka wa fedha 2017/2018, Serikali ilianza kutumia Mfumo wa Kielektroniki wa Makusanyo, GePG, uliojengwa na wataalamu wa Wizara ya Fedha wenyewe. Unavyofanya kazi si uchawi. Huduma inapoingizwa kwenye kompyuta ya kituo, kwenye mfumo wa hospitali kama GoTHOMIS unaotumiwa na vituo vya halmashauri, inatengenezwa bili. Bili inaombewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita mitaani kontroo namba, yenye tarakimu 12 na ambayo kwa kawaida huanza na 99. Ukilipia namba hiyo kwa simu, kwa wakala au benki, fedha haipiti mfukoni mwa mtu yeyote pale kituoni. Inaingia kwenye akaunti, na taarifa inarudi kwenye kompyuta kwamba bili fulani imelipwa. Mwenye zamu ya asubuhi anaiona hata kama wa usiku ameshaondoka.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaioni. Fedha zinazochangiwa na wagonjwa hazipelekwi Dodoma. Zinatumika na kituo chenyewe, kwa mpango unaopita kwenye kamati ya kituo ambayo ndani yake wapo wanakijiji wenzetu. Ndizo zinazoongeza dawa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, zinazonunua mafuta ya jenereta, zinazomlipa mlinzi. Kwa hiyo shilingi 6,000 iliyopotea kati ya stakabadhi na nakala ni dozi ambayo hukuikuta uliporudi wiki iliyofuata. Ukiambiwa dawa hakuna, nunua duka la nje, kabla ya kuilaumu MSD uliza kwanza kituo kilikusanya kiasi gani mwezi uliopita.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana tukiishia hapa tutakuwa tumefanya kampeni.

Mfumo unaona kilichoingizwa tu. Kipimo kikifanyika bila kuandikwa kwenye kompyuta, hakuna bili, hakuna namba, na fedha inayotolewa kwa kipimo hicho haina pa kuonekana. Mwizi wa zamani alikuwa anacheza na nakala ya stakabadhi. Mwizi wa sasa anacheza na bili ambayo haikuzaliwa. Dawa yake ni moja, nayo iko mikononi mwa mgonjwa na ndugu wa mgonjwa: hakuna kulipa kitu bila namba ya malipo, na hakuna kuondoka bila risiti. Akisema mtandao haupo, mwambie akuandikie deni kwenye faili, utalipa mtandao ukirudi. Usitume kwenye namba ya mtu, hata kama ni jirani yako, hata kama ni mwanachama mwenzetu.

Na mtandao kweli haupo mara nyingi, hili si uongo wa wahudumu. Sisi wa huku Murongo na Kaisho simu zetu zenyewe hazijui ziko nchi gani, ukisogea kidogo kuelekea mtoni inakukaribisha Uganda. Umeme nao tunaujua. Mkoa huu umetegemea umeme wa kutoka Uganda kwa miaka mingi, na Mei 2023 marais wawili walikuja kuzindua mradi wa Kikagati–Murongo hapa hapa kwetu, tulipiga vigelegele. Bado kuna jioni kompyuta ya kituo inazima, na foleni inakaa mpaka urudi. Kituo chenye sola ya taa hakikosi sola ya kompyuta moja, ni suala la kuamua. Tumeliweka kwenye barua yetu.

Lingine ni la wasio na laini. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa Januari 2020, mtu asiye na namba ya NIDA hawezi kusajili laini ya jina lake. Sisi ni wilaya za mpakani. Uhakiki wa uraia huku unachukua muda kuliko Dodoma au Dar es Salaam, na tunaelewa sababu zake, lakini matokeo yake ni kwamba wapo wazee wetu, waliozaliwa hapa na kuzika wazazi wao hapa, ambao mpaka leo wanasubiri namba. Mzee huyo akifika dirishani akaambiwa "lipa kwa simu yako," ameambiwa arudi nyumbani.

Hapa kuna kitu ambacho watu wengi hawakijui, na tunaomba mabalozi wakitangaze nyumba kwa nyumba: namba ya malipo haimwulizi mlipaji ni nani. Inalipwa na simu yoyote, ya mtu yeyote, akiwa popote nchini. Mzee akiandikiwa namba Nkwenda, mwanae aliyeko Mwanza anaweza kuilipa akiwa kwenye daladala, na dirishani Nkwenda itaonekana imelipwa. Mwenye fedha taslimu anaenda kwa wakala, anampa tarakimu 12 na fedha, wakala anamlipia. Kwa hiyo maneno "huna simu hatuwezi kukuhudumia" si ya mfumo, ni ya mtu. Mhudumu anayeyasema aelimishwe kwanza, na akirudia tuambieni.

Bado wakala anataka chake, na mtandao unakata chake. Mnakumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021. Ilianza kwa viwango vilivyotushtua, ikapunguzwa Septemba mwaka ule ule, ikapunguzwa tena 2022. Tuliambiwa sehemu ya fedha ile inajenga vituo vya afya, na vituo vimejengwa, hatuwezi kukana tunachokiona kwa macho. Lakini ilituachia tabia moja: watu walianza kuiogopa simu, wakarudi kwenye noti. Mtu anayelipa bili ya 5,000 hospitalini hapendi kukatwa hata 200. Tunaona ni halali halmashauri ikae na benki na mitandao ya simu izungumze makato ya bili za matibabu yabebwe na mpokeaji, kama wafanyabiashara wengi wanavyoyabeba kwenye lipa namba zao. Hilo lipo juu ya uwezo wa Tawi, tumelisema ili lisikike.

Sasa tuje kwenye butura, kwa sababu hapa ndipo tunapotaka kusukuma zaidi.

Mwaka wa mkulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa una miezi ya fedha na miezi mikavu. Kuanzia mavuno ya katikati ya mwaka, kahawa inaingia AMCOS, inauzwa, malipo yanashuka. Baada ya hapo kuna ada za shule, kuna harusi, kuna mabati. Ikifika Februari, Machi, Aprili, nyumba nyingi zina ndizi na maharage lakini hazina noti. Malaria haifuati ratiba hiyo. Ukipeleka mgonjwa wa upasuaji mwezi Machi, unaulizwa fedha yote kwa mkupuo, na mwenye butura anakungoja nje ya geti, tena kwa upole mwingi. Viongozi wamepiga vita butura kwenye majukwaa kwa miaka mingi. Wamekamata magari, wamekamata wanunuzi. Sisi tunauliza, nani amewahi kwenda kuangalia ni bili ngapi za hospitali zilizomfikisha mkulima huko?

Namba ya malipo inaweza kutengenezwa kwa namna zaidi ya moja. Ipo inayodai kiasi chote kwa mara moja. Ipo inayokubali malipo kidogo kidogo mpaka deni liishe. Anayeamua ni ofisi inayotoa bili, mfumo wenyewe hauna kinyongo. Maana yake ni kwamba bili ya 240,000 inaweza kuandikwa leo, mgonjwa akalipa 60,000 alizonazo, na zilizobaki akazilipa kwa namba ile ile 20,000 kwa 20,000 mpaka kahawa itakapouzwa, bila kusafiri kurudi dirishani na bila mtu wa katikati. Zamani utaratibu wa mkopo wa matibabu ulikuwepo, ila ulikuwa kwenye daftari. Mtu alipunguza deni na hakuna aliyefuta, au deni lilipotea na hospitali ikapata hasara. Sasa kila shilingi inayoingia inajihesabu yenyewe. Sababu ya kukataa awamu ambayo wahasibu wenzetu walikuwa nayo, kwamba hatutajua nani amelipa nini, imeondoka.

Hoja ya kwamba watu hawatalipa tunaijua. Watakaokimbia watakuwepo. Tunapendekeza dhamana nyepesi: barua ya Mwenyekiti wa Kitongoji na jina la AMCOS ambako mkulima anapeleka kahawa, ili kwa hiari yake aruhusu salio likatwe kwenye malipo yake ya msimu kwenda kwenye namba ile ya hospitali. Kwa hiari, tunarudia. Hatutaki kesho tusikie AMCOS imekata kahawa ya mtu kwa deni la shemeji yake.

Kuna mahali fedha ya simu imekwenda upande mwingine, kutoka hospitali kwenda kwa mgonjwa, na inafaa mlijue. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, tangu 2009, iliwatumia nauli kwa M-Pesa wanawake wenye fistula waliokuwa mikoani. Matibabu yalikuwa bure tangu mwanzo, lakini nauli ndiyo iliyokuwa inawafungia nyumbani. Fedha ilitumwa kwa mtu wa kuaminika aliyemtambua mgonjwa, akamkatia tiketi, na mgonjwa alipofika yule msindikizaji akapewa shukrani kidogo, nayo kwa simu. Kutoka huku kwetu mpaka Dar ni basi la usiku na mchana, kwa hiyo mnaelewa nauli ni ukuta wa namna gani.

Na mfumo wa m-mama ulioanzia Sengerema na Shinyanga, hapa hapa Kanda ya Ziwa, kabla ya kutangazwa kwa nchi nzima 2022. Mama mjamzito akipata dharura, au mtoto mchanga, inapigwa 115 bila malipo. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, anampeleka mama, kituo kinathibitisha amefika, dereva analipwa kwenye simu. Mume hakuulizwa fedha ya mafuta saa nane za usiku. Vijana wetu wenye magari, ulizeni hospitali ya wilaya namna ya kujisajili. Ni kazi yenye malipo na yenye baraka.

Tumetaja hayo ili msifikiri malipo ya simu ni ya kukusanya tu. Kinachoweza kukusanya kinaweza pia kutoa.

Kwa wenye misamaha tuseme waziwazi, maana hapa pana uonevu mwingi unaofanywa kwa jina la mfumo. Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya 2007, mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na wagonjwa wa baadhi ya maradhi ya kudumu kama kifua kikuu na UKIMWI, hawapaswi kutozwa. Bili yao inaingizwa kwenye mfumo kama msamaha. Ukiona mtoto wa miaka mitatu amepewa namba ya malipo, usilipe kwanza. Muulize mganga mfawidhi, au ofisa ustawi wa jamii kama yupo. Na mgonjwa wa dharura anahudumiwa kwanza, namba inafuata. Damu haisubiri ujumbe wa simu.

Wenye kadi za bima ya afya, hakikisheni kadi ziko hai kabla ya kuugua. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Utekelezaji wake tutauzungumza kikao kingine, kwa sababu maswali yake ni mengi na hatukutaka kuyachanganya na haya.

Maswali mawili yaliyoulizwa.

Mama mmoja wa shina la chini aliuliza: na hospitali za dini je? Ni kweli, hospitali kama Nyakahanga ni ya KKKT Dayosisi ya Karagwe, na hospitali za mashirika zina akaunti na taratibu zao. Kanuni ni ile ile. Ukilipa kwa lipa namba, kabla ya kuweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la anayelipwa. Lisome. Likiwa jina la taasisi, endelea. Likiwa jina la mtu, ghairi, hata kama ni jina zuri la Kikristo. Hii inahusu pia maduka ya dawa ya watu binafsi, kwa sababu risiti ndiyo itakayokusaidia dawa ikiwa mbovu.

Kijana mmoja akauliza, kwa sauti ya kutuchokoza: kama wahudumu wakichukia, si ndio tutakaoumia? Tulinyamaza kidogo. Ni swali la haki. Wengi wa wahudumu wetu wanafanya kazi ya watu watatu, na wengi hawajaomba senti ya mtu. Tunachowaomba wanachama ni kudai risiti kwa adabu. Usirekodi video, usitukane, usimtishe mtu kwa jina la Chama. Sema, "Daktari, naomba namba ya malipo." Ukikataliwa, andika tarehe, saa na huduma, mlete kwetu. Sisi ndio tutakaochukiwa, tumezoea.

Mkutano uliazimia hivi. Barua ya Tawi iende kwa uongozi wa Kata, na nakala kwa kamati za vituo vya afya vinavyotuhudumia, ikiomba mambo matatu: bili zinazozidi 50,000 zitolewe kwa namba inayokubali awamu kwa mkulima atakayeleta barua ya kitongoji, makusanyo ya kila mwezi na matumizi yake yabandikwe ukutani, kwa kalamu nene, pale mgonjwa anapokaa kusubiri, na sola ya kompyuta ya dirishani iingizwe kwenye mpango wa kituo wa mwaka ujao. Barua imeshaandikwa, imesainiwa na Mwenyekiti. Itapelekwa Jumatano. Wajumbe wawili watakaoipeleka wamechaguliwa, na nauli imetoka mfuko wa Tawi, 12,000, imeandikwa.

Kila shina lichague mtu mmoja, ikiwezekana kijana mwenye simu nzuri na moyo mzuri, wa kuwasaidia wazee kulipia namba za hospitali bila kudai chochote. Majina yaletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi. Akiombwa kulipia, alipe mbele ya mwenye fedha, amsomee ujumbe unaorudi, na tarakimu aziandike kwenye karatasi abaki nayo mzee. Shina la juu tayari wameleta jina. Mengine tunasubiri.

Wale watatu wenye risiti za simu zilizotumwa kwa namba binafsi, msizifute. Leteni simu zenyewe ofisini Jumamosi saa nne asubuhi, tutaziandika moja moja. Na balozi ambaye kundi lake lina watu wasio na simu awasomee ujumbe huu kwa sauti, hata kama itachukua jioni mbili.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi